Wangari Maathai: Mbunge wa Tetu aliyeililia misitu ya Mlima Kenya

PROFESA Wangari Muta Maathai anakumbukwa kote duniani kama mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka wa 2004. Jambo lisilotajwa sana ni safari yake ya kisiasa katika Wilaya ya Nyeri alikozaliwa. Kati ya 1982 na 2007 alijitosa mara nne katika kinyang'anyiro cha ubunge. Mara ya kwanza alizuiwa hata kabla ya kura kupigwa. Mara ya pili alishindwa. Mara ya tatu aliibuka na asilimia 98 ya kura. Mara ya nne alikataliwa na wapiga kura wale wale waliompa ushindi huo miaka mitano awali.

Kwa hivyo, mwanamke huyo aliyesifiwa na ulimwengu mzima alihudumu Bungeni kwa muhula mmoja tu, kama mwakilishi wa eneo bunge la Tetu. Muhula huo uliibua swali ambalo bado linawakabili wabunge wa eneo la Mlima Kenya: je, kazi ya mbunge ni kuwapa wapiga kura wanachokitaka leo, au ni kuwalindia kile ambacho watoto wao watakihitaji kesho?

Kuzaliwa na masomo

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Tetu, karibu na msitu wa Aberdare. Baba yake, Muta Njugi, alikuwa mfanyakazi katika shamba la mlowezi Mzungu karibu na Nakuru, na kwa miaka kadhaa familia iliishi huko. Mnamo 1947 mama yake, Wanjiru Kibicho, alirejea Ihithe pamoja na watoto ili wapate kusoma.

Katika enzi hizo, wasichana wengi vijijini hawakupelekwa shuleni. Wangari alijiunga na Shule ya Msingi ya Ihithe akiwa na umri wa miaka minane. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa katika shule ya bweni ya St Cecilia, iliyokuwa chini ya misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri. Alifanya vyema katika mtihani wake wa mwisho na kujiunga na Shule ya Upili ya Loreto, Limuru, ambako alimaliza masomo mwaka wa 1959.

Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wanafunzi wapatao 300 wa Kenya waliosafirishwa kwenda Marekani chini ya mpango wa masomo ulioanzishwa na Tom Mboya na kufadhiliwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Alisomea biolojia katika chuo cha Mount St Scholastica kilichoko Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu 1964. Miaka miwili baadaye alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Alirejea nyumbani 1966 na kuajiriwa katika idara ya tiba ya mifugo ya chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliendelea na utafiti nchini Ujerumani na Kenya, na mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika eneo la Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Baadaye alipanda ngazi hadi kuwa mkuu wa idara na profesa mshiriki.

Ahadi ya kampeni iliyozaa miti

Siasa iliingia nyumbani kwake kupitia ndoa. Mumewe, Mwangi Mathai, aliwania ubunge mwaka wa 1969 bila kufaulu, kisha akashinda kiti cha Lang'ata jijini Nairobi mwaka wa 1974. Katika kampeni hiyo ya pili, aliwaahidi wapiga kura kwamba angewatafutia kazi.

Uchaguzi ulipokwisha, Wangari alianza kuwazia jinsi ahadi hiyo ingetimizwa. Alianzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, iliyonuiwa kuwapa kazi wakazi maskini kwa kuotesha na kupanda miche. Kampuni hiyo haikudumu kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Hata hivyo, wazo lenyewe halikufa.

Alilipeleka katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Huko alikuwa amewasikia wanawake wa mashambani wakilalamikia uhaba wa kuni, maji safi na chakula chenye lishe. Aliona kwamba shida hizo zote zilikuwa na mzizi mmoja: ardhi iliyovuliwa miti. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake waliandamana kutoka jumba la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Hapo ndipo lilipoanzia shirika la Green Belt Movement. Wanawake waliunda vikundi, wakaotesha miche na kulipwa senti chache kwa kila mche ulioshika na kukua. Kufikia wakati alipotuzwa Nobel, shirika hilo lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30.

Ndoa yake ilivunjika 1979 baada ya kesi iliyotangazwa sana magazetini. Alipomkosoa jaji hadharani, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, lakini akaachiliwa baada ya siku chache. Mumewe alipomtaka aache kutumia jina lake, aliongeza herufi moja, na tangu hapo likaandikwa Maathai.

Jaribio la kwanza, 1982

Mwaka wa 1982 kiti cha ubunge katika eneo la kwao Nyeri kilibaki wazi. Wangari aliamua kukiwania. Sheria ilimtaka kila mfanyakazi wa umma ajiuzulu kwanza, naye akaandika barua ya kuacha kazi yake ya chuo kikuu.

Wasimamizi wa uchaguzi walimwambia kwamba hastahili kuwania kwa kuwa hakuwa amejisajili upya kama mpiga kura kwa uchaguzi wa 1979. Alikimbilia mahakama, lakini uamuzi ukawa dhidi yake. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, alijibiwa kwamba nafasi ilikuwa imejazwa. Kisha akatakiwa ahame nyumba ya chuo. Mkuu wa chuo hicho kisheria alikuwa Rais wa nchi, Daniel arap Moi.

Hivyo, kabla hajapigiwa hata kura moja, msomi aliyekuwa amefunza kwa takriban miaka 16 alijikuta hana kazi, hana nyumba wala malipo ya uzeeni, akiwa na watoto watatu wa kulea. Tangu siku hiyo aliitolea Green Belt Movement nguvu zake zote. Msaada wa Umoja wa Mataifa na wa wadau wa misitu kutoka Norway uliiwezesha kazi hiyo kuenea katika wilaya nyingi.

Bunge lamkejeli

Mnamo 1989 habari zilizagaa kwamba chama tawala cha KANU kilikusudia kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari aliandika barua kwa serikali, mashirika ya kimataifa na balozi za kigeni kuupinga mradi huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: bustani hiyo ni mali ya wananchi wa kawaida wasio na mahali pengine pa kupumzikia.

Jibu la wanasiasa lilikuwa kali. Wabunge walitumia muda wa kikao chao kumkejeli, wakilitaja shirika lake kuwa ni kundi la wanawake walioachwa na waume zao. Rais Moi naye alisema kwamba mwanamke mwenye kufuata mila za Kiafrika hupaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lilitimuliwa kutoka ofisi ya serikali, likahamia nyumbani kwake mtaani South C. Lakini wafadhili wa kigeni walijiondoa, na ua lililozungushiwa eneo la ujenzi likang'olewa 1992.

Mwaka huo huo alijiunga na akina mama waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Walianza mgomo wa kususia chakula katika Uhuru Park mwishoni mwa Februari. Mnamo Machi 3 polisi waliwatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, na Wangari akapigwa hadi akazirai. Akina mama hao walihamia katika kanisa la All Saints Cathedral, walikokaa hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mapema 1993.

Anguko la 1997

Kifungu cha 2A cha Katiba kilipoondolewa Desemba 1991, vyama vingi viliruhusiwa. Upinzani uligawanyika, Moi akashinda 1992. Wangari alikuwa amejaribu kuwapatanisha viongozi wa upinzani kupitia kundi aliloliita Middle Ground, bila mafanikio.

Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 29, 1997, yeye mwenyewe aliwania urais kwa tikiti ya Liberal Party, na wakati huo huo ubunge wa Tetu, kwani sheria ilimtaka mgombea urais awe pia mgombea ubunge. Wengi wa marafiki zake walimshauri asifanye hivyo. Eneo lote la Nyeri lilikuwa nyuma ya Mwai Kibaki wa Othaya, mgombea wa Democratic Party, na kila mgombea mwingine kutoka huko alionekana kama mtu wa kugawanya kura. Siku chache kabla ya uchaguzi, habari zilichapishwa kwamba alikuwa amejiondoa. Alipata kura 4,246 tu za urais nchini kote, na kiti cha Tetu kikamponyoka.

Funzo lilikuwa wazi. Wakazi wa Nyeri walimheshimu kama mtetezi, lakini siku ya kura walipima zaidi nani angewafikisha Ikulu.

Mlima wakauka

Kilichomrejesha katika nyoyo za wapiga kura ni misitu. Mnamo 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Januari 8, 1999, Wangari na wenzake, wakiwemo wabunge wa upinzani, walishambuliwa na walinzi walipokwenda kupanda mti huko. Alijeruhiwa kichwani. Ghasia za wanafunzi zilizofuata na kelele za mataifa ya nje ziliilazimu serikali kusitisha ugawaji huo.

Mwaka huo huo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Picha zilionyesha miti ya kiasili kama mierezi na mikafuri ikikatwa kiholela, matanuru ya makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Katika sehemu nyingi zilizokuwa zimetolewa kwa wakulima ili walime huku wakitunza miche, miche haikuwapo. Mwaka wa 2000 msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa na kuwekwa chini ya KWS.

Uzito wa ripoti hiyo hufahamika vyema zaidi na mtu anayesafiri kutoka Nyeri kupitia Nanyuki hadi Timau na Meru. Upande wa kaskazini wa mlima hupata mvua chache kuliko kusini na mashariki. Mashamba ya ngano, viazi, mboga na maua yanayozunguka Timau hutegemea vijito vinavyoshuka kutoka msituni. Vijito hivyo huungana na mto Ewaso Ng'iro, ambao hunywesha mifugo wa Laikipia, Isiolo na Samburu. Upande wa kusini, maji ya mlima na ya Aberdare huingia mto Tana, wenye mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mkulima wa Timau anapokosa maji wakati wa kiangazi, mfugaji aliye chini naye hukosa, na ugomvi huzuka. Wangari alikuwa akilisema jambo hilo tangu miaka ya sabini.

Mapema 2001 serikali ilitangaza nia ya kumega zaidi ya hekta 67,000 za misitu ya umma, zikiwemo sehemu za Mlima Kenya. Machi 7 mwaka huo, Wangari alikamatwa huko Wang'uru, karibu na mlima huo, akikusanya sahihi za wananchi waliopinga mpango huo. Aliachiliwa siku iliyofuata baada ya malalamiko kutoka ndani na nje ya nchi.

Ushindi wa 2002

Kufikia uchaguzi wa Desemba 27, 2002, hali ya kisiasa ilikuwa imebadilika. Upinzani uliungana chini ya NARC na kumsimamisha Kibaki. Wangari, aliyekuwa akifunza katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alirejea kuwania kiti cha Tetu kwa tikiti ya muungano huo. Safari hii alikuwa upande ule ule na Kibaki. Alizoa asilimia 98 ya kura.

Katika Bunge la Tisa wanawake walikuwa 18 tu kati ya wabunge 222, miaka 33 baada ya Grace Onyango wa Kisumu Mjini kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni mwaka wa 1969. Mwanamke aliyekejeliwa katika ukumbi huo 1989 sasa alikula kiapo ndani yake.

Januari 2003 Rais Kibaki alimteua kuwa Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili. Wengi walishangaa kwamba hakupewa wizara kamili. Alishikilia wadhifa huo hadi Novemba 2005, Kibaki alipovunja Baraza la Mawaziri baada ya serikali kushindwa katika kura ya maoni kuhusu Katiba.

Kazi ya Bunge na ugomvi wa mashamba

Sheria kubwa inayohusishwa na muhula wake ni Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika 2007. Kabla yake, Waziri aliweza kumega ardhi ya msitu kwa tangazo tu katika gazeti rasmi la serikali. Sheria mpya ilitaka mabadiliko ya mipaka ya msitu yaidhinishwe na Bunge baada ya athari zake kwa mazingira kuchunguzwa. Iliivunja Idara ya Misitu iliyotuhumiwa kwa ufisadi na kuunda Huduma ya Misitu nchini, KFS. Pia iliwaruhusu wakazi wanaopakana na misitu kuunda vyama na kushiriki katika kuisimamia. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipochukuliwa na ile ya 2016, iliyoandikwa kulingana na Katiba mpya.

Lakini jambo lililogusa matumbo ya wapiga kura ni mfumo wa shamba. Chini ya mfumo huo, ulioanza enzi za ukoloni, mkulima hupewa kipande cha msitu uliovunwa, akalima mahindi, viazi na maharagwe kwa miaka michache huku akitunza miche ya misonobari au misaipresi. Miche ikikua, mkulima huondoka. Kwa maskini wasio na ardhi huko Nyeri, Kirinyaga, Meru na Laikipia, hicho kilikuwa chakula cha mwaka mzima.

Wangari aliupinga mfumo huo waziwazi. Kwa maoni yake, msitu wa asili hushika maji ya mvua na kuyaachilia polepole, ilhali shamba la miti ya kigeni iliyopandwa safu safu na kulimwa katikati haliwezi kazi hiyo. Aliongeza kwamba kwa miaka mingi mfumo huo ulikuwa kisingizio cha kuhamia msituni na kukata miti. Serikali ya NARC ilipiga marufuku kilimo cha misituni mwaka wa 2003, na maelfu ya watu wakaondolewa.

Wakulima walilalamika, na baadhi ya wanasiasa wa eneo hilo wakadai marufuku hiyo iondolewe. Hoja yao pia ilikuwa na uzito. Aliyeondolewa hakuonyeshwa mahali pengine pa kulima, na ilikuwa vigumu kumwambia mama mwenye njaa angoje faida ya maji ya miaka 20 ijayo. Baadaye serikali ilirejesha kilimo hicho kwa masharti makali zaidi na katika maeneo machache. Suala hilo bado ni bichi: Septemba 2022, Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais wakati huo na mbunge wa zamani wa Mathira, alizua mjadala mkubwa alipotangaza kwamba mfumo huo ungerudishwa.

Mwaka wa 2003 pia ulileta Hazina ya Ustawishaji wa Maeneo Bunge, CDF. Sheria ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo bunge 210. Robo tatu ya fedha hizo ziligawanywa sawa kwa sawa, na robo ikagawanywa kulingana na kiwango cha umaskini. Hazina hiyo ilibadili namna wabunge wanavyopimwa. Kuanzia hapo, mwananchi aliweza kuhesabu madarasa, zahanati na mifereji ya maji ya eneo lake na kuilinganisha na ya jirani. Wangari aliwahimiza wakazi wakutane, wapange wenyewe vipaumbele vyao na kufuatilia matumizi. Huo ulikuwa utaratibu wa polepole katika nchi iliyozoea mbunge mwenye kutoa pesa mfukoni kila harambee.

Tuzo ya Nobel

Oktoba 8, 2004, akiwa njiani kutoka Nairobi kwenda Tetu kuwaona wapiga kura wake, alipigiwa simu na kuelezwa kwamba ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel. Alisimama katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri na kupanda mti wa Nandi flame, akiuelekea Mlima Kenya. Alipokea tuzo hiyo mjini Oslo Desemba 10.

Baadhi ya watu walihoji uhusiano wa miti na amani. Kamati ya Nobel ilijibu kwamba maliasili zikipungua, watu huzigombania, na kwamba kuzitunza vizuri ni njia ya kuzuia vita. Kwa wakazi wa Timau na Laikipia walioshuhudia ugomvi wa maji, hoja hiyo haikuhitaji ufafanuzi.

Sifa hizo hazikukosa doa. Agosti 2004 gazeti moja liliripoti kwamba akiwa Nyeri alidai virusi vya Ukimwi vilitengenezwa na wanasayansi ili kuwaangamiza watu weusi. Ripoti hiyo ilipozuka upya baada ya tuzo, alitoa taarifa akikanusha kwamba huo ndio msimamo wake.

Baada ya tuzo, majukumu ya kimataifa yaliongezeka. Mwaka wa 2005 alichaguliwa rais wa kwanza wa baraza la Umoja wa Afrika la uchumi, jamii na utamaduni, na akateuliwa balozi wa hisani wa misitu ya Bonde la Kongo. Mwaka wa 2006 alichapisha kitabu cha maisha yake, Unbowed, na kuwa mmoja wa walezi wa kampeni ya Umoja wa Mataifa ya kupanda miti bilioni moja. Kila heshima mpya ilimaanisha safari nyingine ya ng'ambo, na kila safari ilimwondoa Tetu.

Kukataliwa 2007

Mnamo Novemba 2007 Wangari alijitokeza kutetea kiti chake kupitia kura za mchujo za PNU, chama kipya cha Rais Kibaki. Alishindwa. Hakukubali kukaa nje. Aliwania kwa tikiti ya Mazingira Green Party, chama alichokianzisha mwaka wa 2003. Katika uchaguzi wa Desemba 27 wapiga kura walimchagua mgombea wa PNU, Francis Nyammo.

Ni rahisi kusema nabii hakubaliki kwao na kumaliza habari. Ukweli ni kwamba sababu zilikuwa kadhaa. Mwaka huo Nyeri nzima ilipiga kura kumrejesha Kibaki Ikulu, na mgombea asiyekuwa wa PNU alikuwa na mlima wa kupanda, kama ilivyokuwa 1997. Marufuku ya kilimo msituni ilikuwa imewaudhi wengi. Na mbunge anayeonekana zaidi katika mikutano ya Ulaya na Marekani kuliko katika mazishi na harambee za kijijini hujiweka hatarini, hata kama kazi anayoifanya huko ina manufaa kwa kijiji hicho.

Matokeo ya urais yalipozua ghasia, Wangari alitaka kura zihesabiwe upya na pande mbili zikubali mazungumzo. Msimamo huo ulimgharimu nyumbani, ambako wengi waliuona kama usaliti. Mapema 2008 alisema kwamba alitishiwa maisha na kwamba walinzi wake wa serikali walikuwa wameondolewa.

Mwisho wa safari

Aliendelea na kazi ya mazingira baada ya kutoka Bungeni, na Desemba 2009 Umoja wa Mataifa ukamteua kuwa Mjumbe wa Amani. Alifariki Septemba 25, 2011, katika Nairobi Hospital kutokana na saratani ya ovari, akiwa na umri wa miaka 71. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa Oktoba 8 katika bustani ya Uhuru Park aliyoitetea. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Mwili wake ulichomwa, na majivu kuhifadhiwa katika taasisi yenye jina lake huko Upper Kabete.

Baadhi ya aliyoyapigania yameingia katika sheria kuu ya nchi. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ifanye juhudi ili miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi. Katiba hiyo pia iliunda viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na tangu 2013 Nyeri imekuwa na mwanamke Bungeni katika kila muhula. Machi 3, siku aliyopigwa katika Uhuru Park, huadhimishwa na Umoja wa Afrika kwa heshima yake, na barabara iliyoitwa Forest Road jijini Nairobi sasa ina jina lake.

Suala lililomtenganisha na wapiga kura wake halijatatuliwa. Idadi ya watu walio kando ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare imeongezeka, vipande vya ardhi vimezidi kuwa vidogo, na mito ya upande wa Timau hupungua kila kiangazi kikiwa kirefu. Kila uchaguzi unapokaribia, mwanasiasa anayeahidi kuufungua msitu hushangiliwa. Wangari Maathai aliwahi kushika kiti cha kuahidi hivyo, akakataa, na akalipa gharama yake kwa kura.